Barua kwa Mwigizaji Aliyefanana na Baba

Atukuzwe Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na meno ya kutosha kutafuna ndizi na macho ya kutosha kuona mstari ninaouandika. Asifiwe kwa mvua zake, hata zile zilizoingia sebuleni kwangu bila kubisha hodi. Asifiwe kwa mpunga ulionusurika na kwa ule uliokwenda na maji. Namshukuru zaidi kwa uvumilivu wake juu yangu, maana haya nitakayoyaeleza yangempa sababu ya kunichoka zamani.

Nianze kwa kusema wazi kwamba siwaheshimu waigizaji. Nimekuwa mwinjilisti kwa zaidi ya miaka arobaini, nimezika watu katika matope ya Busale mpaka viatu vikataka kubaki kaburini, na machozi ya kweli nimeyaona ya kutosha. Mtu anayelia kwa sababu mwenzake amemwambia aanze, na kunyamaza kwa sababu mwenzake amemwambia basi, sioni ana kazi gani duniani. Mkulima akikosea mwezi wa kupanda, njaa itamwambia. Mwigizaji akikosea, wanarudia.

Televisheni tuliletewa na mwanetu wa kwanza, anayefanya kazi Mbeya na kuamini kwamba wazazi wake wanakaa kimya mno. Aliitundika ukutani mahali ilipokuwa kalenda ya kanisa, akanionyesha kitufe cha kuwashia, akaondoka. Mimi niliangalia habari na kwaya. Mke wangu hakuwa na haja nayo mpaka ulipoanza mchezo mmoja wa kuigiza ambao marudio yake huonyeshwa Jumamosi mchana, sehemu tano mfululizo. Jina lake sitalitaja, maana hauna sifa ya kutajwa. Kwa jinsi nilivyouelewa, ni watu wanane wa Dar es Salaam wanaoishi katika nyumba yenye ngazi, na kila mmoja anasubiri mwenzake aanze kushuka ngazi ndipo amtukane. Hakuna anayelima, hakuna anayekwenda kazini, hakuna anayeosha sahani. Chakula kinawekwa mezani, mmoja anakasirika, wote wanainuka, wali unabaki. Katika sehemu zote nilizoziona sikuona mtu akimeza. Sisi tunaovunja mgongo shambani ili wali huo upatikane tunakaa tunawaangalia wakiuacha upoe, na tunaambiwa hiyo ni burudani.

Katikati ya watu hao yuko mzee, baba wa mwenye nyumba. Huyo ndiye mwigizaji wa habari hii, na alinikera tangu siku ya kwanza kwa sababu alifanana na baba yangu mzazi. Hakufanana kidogo. Paji la uso lilikuwa lile, masikio yale, namna ya kuinua kidevu kabla ya kusema, na sauti ileile nzito yenye kukwaruza, kama ya mtu aliyetoka kuamka. Baba alikuwa amefariki zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Kuuona uso wake juu ya shati la hariri, unakunywa juisi kwa mrija, kulinichukiza kuliko matusi yote ya ngazini.

Mke wangu alikuwa akiuangalia mchezo huo kwa namna yake. Kila mzee yule alipotokea, aligeuka akaupa ukuta uso na televisheni mgongo, akaendelea kuchagua mchele kwenye ungo huku akisikiliza. Mzee akiondoka, anageuka tena. Mimi nilifurahi, nikadhani mchezo umemchosha na anabaki pale kwa uvivu tu. Niliwaambia hata wazee wenzangu wa kanisa kwamba mke wangu amejifunza kuigeuzia dunia mgongo. Walinipongeza. Wazee wa kanisa ni wepesi wa kupongeza.

Siku moja nikamuuliza kwa nini anageuka.

"Siwezi kumwangalia baba," akasema.

Msomaji asiyetoka kwetu hatajua uzito wa maneno hayo. Zamani, mwanamke wa Kinyakyusa hakuonana na baba mkwe wake. Tunaita *ukutila*, ile hofu yenye heshima. Akimwona anakuja njiani, aliingia kwenye migomba mpaka apite. Jina lake hakulitaja, wala hakusema naye uso kwa uso. Akiwa na neno la kumwambia, lilipita kwa mumewe au kwa mtoto. Siku hizi wanakaa na wakwe zao kwenye kochi moja na kunyang'anyana rimoti, lakini mke wangu alilelewa Ndandalo na bibi yake, na bibi huyo hakupunguza kitu. Alimpikia baba kila siku ya Mungu kwa miaka mingi katika boma moja, na hakuwahi kumtazama usoni. Sasa alikuwa anamkimbia mtu aliye ndani ya kioo.

"Huyo si baba," nikamwambia. "Ni mtu wa Dar anayelipwa."

"Najua ni mtu wa Dar. Usinifanye mjinga. Uso ni wa nani?"

Nilitoka nikaenda kukata majani ya ng'ombe.

Jumamosi iliyofuata ndipo jambo lenyewe lilipoanza. Katika mchezo, mkwe wa yule mzee, mwanamke ambaye wote walimdharau kwa sababu alitoka kwa watu maskini, alikuwa amejifungua. Hakuna aliyetaka kumwona mtoto. Basi yule mzee akaja mpaka mlangoni, akaomba aletewe mtoto, akampa jina mbele ya watu wote, jina la baba yake mwenyewe. Mtoto alikuwa mwanasesere. Hata mimi niliona, maana mguu haukukunjika. Nilimgeukia mke wangu ili tucheke pamoja, nikamkuta ameuelekea ukuta, ungo umesimama mapajani, na machozi yanadondoka kwenye mchele.

Kesho yake, tulipotoka ibadani, akaniambia nimwandikie yule mwigizaji barua.

Nilidhani ananitania. Nimewaona watu wazima, wenye wajukuu, wakiandika chini ya picha za watu hao kwenye simu kwamba wanawapenda, na mtu mwenyewe hajui kama wamezaliwa. Wanasubiri jibu wiki nzima kama wagonjwa wanaosubiri daktari, na wakijibiwa kwa kapicha ka moyo wanaonyesha kijiji kizima. Nilikuwa nimehubiri juu ya upuuzi huo, tena kwa sauti. Nikamwambia kwamba kama ni lazima, aandike mwenyewe, maana mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

"Siwezi kumwandikia mtu mwenye uso ule," akasema. "Utapeleka wewe, kama ulivyokuwa unapeleka."

Nikachukua kalamu na daftari langu la mahubiri, nikakaa mezani na uso wa mtu anayepotezewa muda. Yeye alikaa mlangoni akimenya ndizi. Alisema taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyapanga.

"Mwambie namsalimu kwa heshima. Mwambie nimesikia alivyompa mtoto jina. Najua maneno aliandikiwa, lakini mtu hawezi kuyasema vile kama hajayafikiri. Halafu muulize." Akaweka kisu chini. "Mwanamke akimwomba baba mkwe ampe mtoto jina, na baba mkwe akajibu kwamba chagueni wenyewe, amemheshimu au amemdharau?"

Kalamu yangu ikasimama.

Tulikuwa tumeoana miaka minne bila mtoto. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Shangazi zangu na baba zangu wadogo walikuja, wakakaa uani, wakasema mwanamke huyu arudishwe kwao na mimi nitafutiwe mwingine. Mimi nilikuwa nimetoka kusoma miaka miwili chuo cha biblia, najua maneno mengi, na siku ile sikusema hata moja. Aliyesema ni baba. Alisema, "Huyu ni mtoto wangu. Anayetaka aondoke, aanze kuniondoa mimi." Wakanywa chai, wakaondoka.

Mke wangu aliyasikia yote akiwa nyuma ya jiko. Jioni ile akanituma kwa baba. Akaniambia nimpe shukrani zake, na nimwambie kwamba Mungu akitupa mtoto, jina ni lake yeye baba, asimwachie mtu mwingine. Kutoka mlango wetu mpaka wa baba zilikuwa hatua kama sitini, katikati ya migomba. Katika hatua hizo sitini nilifikiri. Nilifikiri kwamba baba, ambaye alibatizwa akiwa na mvi, atamwita mtoto wangu jina la mzee fulani wa zamani aliyekufa bila kumjua Mungu. Nilifikiri kwamba mimi ndiye msomi wa Neno katika boma hili. Kusema kweli nilimdharau baba yangu, na nilimdharau mke wangu kwa kumpelekea yeye heshima ile badala yangu. Nilipofika nikasema, "Anakusalimu."

Baba akasema, "Hayo tu?"

Nikasema, "Hayo tu."

Nikarudi kwa mke wangu. Akaniuliza baba amejibu nini kuhusu jina. Nikamwambia, "Amesema tuchague wenyewe."

Mtoto alipozaliwa, baba alikuja na kuku mweupe, akakaa uani, akaniuliza kwa sauti ya chini mtoto anaitwa nani. Nikamtajia jina la nabii. Alijaribu kulitamka mara mbili, halikukaa vizuri mdomoni mwake, akaacha kuku, akaenda zake. Mke wangu alikuwa ndani na mtoto.

Hayo nilikuwa nimeyasahau. Niseme vizuri zaidi: nilikuwa nimeyaacha mahali ambapo sikuwa na sababu ya kupita. Sasa mke wangu ameyaleta mezani kwangu pamoja na maganda ya ndizi, na anataka niyaandike kwa mkono wangu, niyapeleke kwa mtu mwenye uso wa baba.

Sikuyaandika. Niliandika barua ya mwinjilisti. Nilimsalimu mwigizaji katika jina la Bwana, nikampongeza kwa kipaji alichojaliwa, nikamwonya juu ya pombe ingawa sikujua kama anakunywa, nikamwomba akumbuke kwamba dunia inapita. Ilikuwa kurasa mbili. Mke wangu aliona kalamu inakwenda, akatulia.

"Umeandika yote?"

"Yote."

Hakuomba kuisoma. Kwa mila aliyolelewa nayo, neno likishapewa mjumbe si lake tena. Aliniambia tu niifunge vizuri. Kisha, kwa kuwa mkwe hasalimiwi mikono mitupu, alitoa mchele mzuri uliobaki ghalani, akauchagua punje kwa punje siku mbili, akaujaza kikapu na kukishona mdomo kwa kamba ya mgomba.

Mjini Kyela kuna mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka pwani. Dukani kwake ndiko ninakonunua sukari na chumvi tangu akiwa kijana anamsaidia baba yake kupima. Mpwa wake anaendesha gari Dar es Salaam, na alijua ofisi ya yule mwigizaji ilipo. Nilimpelekea barua na kikapu, nikajaribu kusema kwa sauti ya chini. Yeye hakuwahi kuwa na sauti ya chini.

"Mzee, si wewe uliyehubiri pale stendi kwamba maigizo ni mlango wa moto? Leo unapeleka na mchele mlangoni?"

"Ni vya mke wangu."

"Wote husema hivyo. Hata mimi mpira naangalia kwa ajili ya mke wangu." Akaunusa mchele kupitia kikapu. "Mchele huu ni wa kumpa mtu mwenye akili zake. Haya, mzee wangu, mzigo wako utapanda basi kesho."

Ilikuwa wakati wa kupandikiza mpunga. Tukapandikiza, tukapalilia, mito ikajaa na kupungua, mke wangu akasubiri. Hakuuliza kwa mdomo. Nikirudi mjini alitazama mikono yangu kwanza, kisha uso. Akiona nimebeba sabuni na mafuta ya taa tu, anasema, "*Ndaga*," yaani asante, anachukua mzigo.

Mimi nilimwomba Mungu jibu lisije. Bwana anisamehe, niliomba hivyo nikiwa nimepiga magoti, kwa maneno ya kistaarabu. Na kila wiki iliyopita bila jibu ilinipa sababu mpya ya kumdharau yule mtu. Nilisema mezani kwamba watu wa namna ile hawana shukrani. Nilisema kwamba mchele wetu umeliwa na mbwa wake. Jumamosi moja walimhoji katika kipindi fulani, akakaa kwenye kiti cheupe, akakunja mguu, akasema anawapenda mashabiki wake na kwamba kila barua anaisoma mwenyewe. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mke wangu, mgongo kwa televisheni, akaniambia ninyamaze asikie.

Jibu lilikuja wakati wa kuvuna. Mfanyabiashara alinitumia ujumbe nipite dukani. Bahasha ilikuwa nzuri, ngumu, yenye kung'aa. Ndani mlikuwa na picha ya mwigizaji amevaa miwani ya jua, anatabasamu, na sahihi imepita kifuani kwake. Nililowesha kidole nikaisugua sahihi. Haikutoka. Ilikuwa imechapwa pamoja na picha. Na kulikuwa na kikaratasi kilichosema: "Mpendwa shabiki wangu, asante kwa upendo wako. Bila wewe mimi si kitu. Endelea kunifuatilia, na usikose kazi mpya inayokuja hivi karibuni."

Mfanyabiashara alikisoma juu ya bega langu. "Hata mchele hakuutaja?"

"Hakuutaja."

"Mpwa wangu alisema alimwachia mlinzi."

"Basi mlinzi amekula vizuri," nikasema, na ndiye mtu pekee katika jambo lile niliyemfurahia.

"Mzee, karatasi kama hii hata mimi ningekuchapia hapahapa dukani. Tena ningeweka jina lako."

Nilirudi nyumbani kwa baiskeli, naisukuma zaidi ya kuipanda. Njiani niliandika barua nyingine kichwani. Mimi ni mtu wa mimbari, najua kuiga sauti za watu watatu katika hubiri moja. Barua hiyo ilisema: mama, nimelisoma swali lako, na mimi kama mzee nakuambia kwamba baba mkwe akisema chagueni wenyewe, amekuheshimu kuliko kukupa jina. Ilikuwa barua nzuri. Ingemtuliza. Nilishaijua kwa moyo nilipofika kwenye daraja, na pale darajani nikasimama, kwa sababu niliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Haikunigharimu hata jasho. Nimemdharau mtu kwa kusema maneno asiyoyamaanisha mbele ya kamera, na mimi nimefanya kazi hiyohiyo maisha yangu yote ya ndoa bila hata kuambiwa anza.

Mke wangu alikuwa uani anageuza kakao juu ya mkeka. Alitazama mikono yangu, akaona bahasha, akafuta mikono kwenye kanga, akakaa chini na kugeukia migomba.

"Kuna picha?" akauliza.

"Ipo."

"Iache ndani ya bahasha. Soma maneno."

Nikasoma. Hayakuchukua muda.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Na swali langu? Hakuna mahali amegusa habari ya jina?"

Nilikaa juu ya gunia. Nikamwambia kwamba swali lake halikuwamo katika barua. Akaniuliza kwa nini, bila kugeuka. Nikaanza kusema kwamba niliona si vizuri kumsumbua mtu tusiyemfahamu, nikasikia sauti yangu, nikaacha. Nikamweleza habari ya hatua sitini. Nilimweleza kwamba shukrani zake hazikufika wala ombi lake halikufika, na kwamba baba hakusema chagueni wenyewe. Hakuombwa kitu. Aliambiwa tu kwamba anasalimiwa.

Aliokota mbegu ya kakao mkekani, akaifuta kwa kanga.

"Miaka yote ile nilimpikia nikiamini amenidharau," akasema. "Na nilimpikia vizuri."

"Najua."

"Hujui. Na yeye amekufa akiamini alinitetea mbele ya watu, na mimi nikaona ni kitu cha kusalimia tu." Sasa akageuka, akanitazama mimi. "Huyo wa Dar unamdharau kwa sababu gani? Yeye akipewa maneno huyasema yote."

Nimehubiriwa na maaskofu. Sijawahi kupata hubiri fupi kama lile.

Usiku ule alinipa chakula kama kawaida, na asubuhi alinipa uji kama kawaida, na katikati hapakuwa na neno. Siku ya tatu akaniambia nimpigie simu mwanetu Mbeya. Nikauliza nimwambie nini.

"Yote. Mwenye jina ni yeye. Utaweka ile sauti ya kusikika na mimi nitakaa hapa. Ukipunguza nitasikia."

Nikapiga. Mwanetu alidhani kuna msiba, maana mimi simpigii siku za kazi. Nikamwambia hakuna msiba, nikaanza. Nilipofika kwenye kikao cha shangazi zangu, nikasema kwamba kulikuwa na maneno kidogo katika ukoo.

"Sema walitaka nini," mke wangu akasema.

Nikasema walitaka nini. Nikaendelea, nikasema, "Babu yako alimtetea mama yako."

"Sema na wewe ulisema nini."

"Sikusema kitu," nikamwambia mwanangu.

Nikafika kwenye jina. Nikasema kwamba kulitokea kutoelewana juu ya jina.

"Hakukutokea kutoelewana," akasema mke wangu. "Nilielewa vizuri, na mzee angeelewa vizuri. Sema ulichofanya."

Nikasema nilichofanya, kwa maneno mafupi ya kawaida, kama yanavyosemwa mahakamani. Nilipodhani nimemaliza, akasema sijataja kuku. Nikamtaja kuku mweupe, na jinsi babu yake alivyojaribu jina lile mara mbili mdomoni.

Mwanetu ana zaidi ya miaka arobaini, ana watoto wake, na amelitumia jina nililompa katika kila karatasi ya maisha yake. Aliuliza babu yake angemwita nani.

"Sijui," nikasema.

"Hakuna anayejua," mama yake akasema. "Baba yako alihakikisha."

"*Ndaga*, mama," akasema mwanetu. "Ndaga kwa kumwomba babu." Halafu akasema, "Baba, nitakupigia."

Alipiga baada ya wiki tatu, akauliza bei ya kakao na hali ya goti langu. La jina hakuligusa. Nami sikuligusa, kwa kuwa nimeshachagua mara nyingi mno kwa niaba ya wengine lipi liguswe. Picha ya mwigizaji aliichukua yule mfanyabiashara, ameibandika juu ya kreti za soda, na anawaambia wateja kwamba mzee mmoja wa kanisa ndiye shabiki mwenyewe. Simkatazi. Mchezo bado unaonyeshwa Jumamosi. Wali bado hauliwi.

Mke wangu hajaniambia kama amenisamehe. Nilimwomba msamaha siku ile ya simu, nikamwomba tena wakati wa Pasaka, kwa maneno machache, bila kuongeza hubiri. Akasema amesikia. Sasa mimi ndiye ninayesubiri jibu, na sitafuti mtu wa kuniletea. Nasubiri uani, kwenye kivuli cha ukuta, tukigeuza kakao yeye upande wake na mimi wangu. Siku nyingine anaongea mengi, juu ya mvua na kwaya na bei ya dagaa. Siku nyingine haongei. Nampa Mungu asante kwa zote mbili.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akubariki wewe na wa nyumbani mwako. Akupe wajumbe wanaofikisha neno zima. Ukitumwa wewe, akupe mdomo usiopunguza, na njia fupi ya kupita, usije ukapata nafasi ya kufikiri mno. Wanaosubiri jibu kwako, walipate wangali hai. Amina.